Karatasi Aliyoirithi Levi

Siku Walubengo alipokosa kuamka, chai ilikuwa tayari mezani. Nanyama, mke wake, alikuwa amemimina vikombe viwili, katika nyumba yao ya Tuwan, mjini Kitale. Alimwita mara moja. Akamwita tena. Kwa miaka thelathini na moja mwanamume huyo alilalamika kila asubuhi kwamba chai ni moto mno. Asubuhi hiyo ya Februari chai ilipoa, na hakuna aliyelalamika.

Walubengo alikuwa ameugua saratani mwaka mzima. Mwishoni daktari alimpa dawa kali ya maumivu, vidonge vidogo vyeupe. Nanyama aliviweka katika kopo la zamani la sukari, juu ya kabati. Walubengo alipofariki, vidonge sita vilibaki. Nanyama hakuvitupa wala hakuvirudisha. Hakumwambia mtu. Lilikuwa kopo lililoshikwa na mumewe kila siku, basi akaliacha palepale.

Walimzika nyumbani kwao Naitiri, upande wa Bungoma. Siku chache baadaye jamaa waliketi uani kugawa vitu vya marehemu, kama ilivyo desturi. Aliyesimamia alikuwa shangazi Nabwile. Mama huyo alikuwa na sauti ya refa wa mpira.

"Baiskeli, mtoto wa dada yake! Redio, ibaki na mjane! Koti la kijani, Levi!"

Levi alikuwa mdogo wake Walubengo. Alilivaa koti hapohapo. Lilimfika magotini. Akatia mkono mfukoni, akatoa peremende mbili, kalamu isiyoandika, na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Hii ni nini?" akauliza.

Nanyama aliitambua. "Ni karatasi ya dawa yake ya maumivu. Daktari alimwandikia ya wiki iliyofuata. Hatukuwahi kuinunua."

"Sasa itakuwa ya nani?"

Shangazi Nabwile hakupenda kucheleweshwa. "Koti ni la nani?"

"Langu, shangazi."

"Basi na mfuko ni wako. Na kilicho ndani ya mfuko ni chako. Jembe!"

Hakuna aliyepinga. Watu kumi na tisa walikuwa wameketi pale, pamoja na walimu wawili na katibu wa kanisa. Levi alitia peremende moja mdomoni. Akaikunja karatasi yake vizuri, akairudisha mfukoni.

*

Miezi sita ikapita.

Lorna, binti wa Nanyama, alikuwa amepata mchumba. Ukoo wa kijana, watu wa milimani upande wa Elgon, ulituma habari kwamba utakuja Naitiri Jumamosi kuzungumza mahari. Kabla ya kufa Walubengo alikuwa amesema jambo moja wazi: "Siku ya Lorna, Levi atakalia kiti changu." Asipokuwepo Levi, hakuna wa kuzungumza. Na wageni wakikuta kiti kitupu, watarudi kwao na mazungumzo yao.

Jumatano ya wiki hiyo Levi alifika Tuwan. Alivaa koti la kijani. Kwapani alikuwa na kuku mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba. Aliingia mlangoni akitembea kama mtu aliyemeza ufagio.

"Shemeji, mgongo umenimaliza," alisema. "Nikikaa dakika kumi, unalia kama mlango mbovu. Na hayo mazungumzo ni saa sita nzima! Wageni wataona baba ya bibi harusi anajipindapinda kama mnyoo."

"Kwani umebeba nini?"

"Si magunia ya mahindi tu."

"Unabeba mangapi?"

"Moja moja."

"Levi."

"Mbili mbili."

Nanyama alimpa kiti. Levi alikitazama kwa woga, akabaki amesimama.

"Lakini nina urithi wangu," alisema, akapigapiga mfuko wa koti. "Nisindikize kwa kemisti, shemeji. Wewe wanakujua. Huyu kuku ni wa kushukuru."

Nanyama alitazama juu ya kabati, kwenye kopo la sukari. Alijiambia kwamba karatasi ya Februari si kitu tena, na kwamba mwenye duka atawaeleza. Akajifunga kitambaa kichwani, wakaenda.

*

Duka la dawa lilikuwa la Chepkosgei. Watu wote wa Tuwan walimwita daktari. Kila siku aliwaambia kwamba yeye si daktari, ni mfamasia. Walimjibu, "Sawa, daktari."

Mlangoni Levi alimnong'oneza Nanyama. "Wewe kaa hapo kwa benchi, shemeji. Usiseme kitu."

Nanyama alishangaa, lakini akaketi. Levi aliweka karatasi juu ya kaunta. Chepkosgei aliisoma mbele. Akaisoma nyuma. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Jina lako nani?" aliuliza.

Levi alimeza mate. "Si limeandikwa hapo?"

"Naliona. Nataka kulisikia."

"Walubengo."

Pale kwenye benchi, Nanyama aligeuka kwa nguvu.

"Wewe ndiye Walubengo?" Chepkosgei aliuliza.

"Ndiye mimi."

"Pole sana kwa kifo chako," Chepkosgei alisema. "Nilikuja Naitiri kwa mazishi yako. Nilikula wali na ndengu. Ulizikwa vizuri sana."

Levi alimpapasa kuku kichwani.

"Asante kwa kuja," alisema mwishowe.

Kwa muda wa kupepesa jicho Nanyama alikuwa na mume tena. Na mume mwenyewe alikuwa mwongo aliyebeba kuku.

"Levi!" aliita. "Jina la ndugu yako umelipata wapi?"

"Lilikuwa kwa mfuko, shemeji! Shangazi alisema kila kitu kwa mfuko ni changu!"

Chepkosgei hakupaza sauti. Aliigeuza karatasi ili wote wawili waone.

"Tazameni. Daktari aliandika vidonge 14, kwa wino wa bluu. Mtu mwingine ameongeza sifuri kwa wino mweusi. Sasa ni 140. Tarehe ya Februari imekwanguliwa, ikaandikwa ya juzi. Halafu kuna muhuri mpya. Uliusoma huu muhuri?"

"Muhuri ni muhuri bana."

"Unasema daktari wa mifugo. Kwa hiyo, kulingana na karatasi hii, wewe ni marehemu, na tena ni ng'ombe."

Levi aliusoma muhuri kwa kidole, neno baada ya neno. Jasho likamtoka.

"Ngari wa duka la kuchapisha aliniambia ni kuongeza nguvu tu," alisema. "Ati karatasi ikikaa inaisha nguvu, kama leseni. Akaniambia jina nisiguse, nikiulizwa nikubali tu."

"Dawa sikupi," Chepkosgei alisema. "Karatasi pia sikurudishii. Ingekuwa rahisi kwangu kukufukuza tu, lakini ungeenda duka lingine. Na mwenye kukutengenezea angewatengenezea wengine. Lazima niripoti."

Alipiga simu kwanza hospitalini, kwa daktari aliyeandika karatasi. Daktari akasema aliandika kumi na nne, mwezi wa Februari, na kwamba yeye hajawahi kutibu ng'ombe. Kisha Chepkosgei akapiga simu kituo cha polisi.

Levi alitazama mlango.

"Kimbia basi," Nanyama alimwambia. "Kimbia na huo mgongo, tuone."

Levi akabaki.

*

Polisi aliyekuja alikuwa Koplo Jepkemboi wa upelelezi. Hakuvaa sare. Alionyesha kitambulisho chake cha kazi kwanza, kisha akauliza jina. Safari hii Levi alitaja lake mwenyewe.

"Levi, nakukamata kwa kushukiwa kutumia karatasi ya dawa ya kughushi. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya wakili, na ya kumpigia mtu wako simu."

"Mtu wangu ndiye huyo kwa benchi," Levi alisema. "Na amekasirika."

Jepkemboi aliishika karatasi pembeni kwa vidole viwili, kama mtu ashikaye mkia wa panya. Aliitia katika bahasha, akaandika tarehe na saa. Chepkosgei akaweka sahihi.

"Hiki sasa ni kielelezo cha kesi," Jepkemboi alieleza. "Kila atakayekishika lazima aandike jina lake. Nisipofanya hivyo, hakimu ataniuliza: hii karatasi ilipitia wapi?"

Kituoni, Jepkemboi aliandika ripoti katika kitabu cha matukio, akampa Nanyama namba ya ripoti hiyo kwenye kijikaratasi. Levi alipelekwa kuketi chumba cha ndani. Nanyama alibaki kaunta na kuku. Aliwahi kusikia kwamba kituo cha polisi hakiendwi mikono mitupu. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akamweka kuku juu ya kaunta.

"Afande, hii ni ya chai."

"Kuku wa chai?"

"Ya chai ya jioni."

Jepkemboi aliweka kalamu chini. "Mama, muondoe huyo kuku. Akibaki hapa nitafungua kesi ya pili, ya hongo, na wewe ndiwe mshukiwa. Kuku naye atakuwa kielelezo. Nitamtia kwa bahasha gani?"

Nanyama alimkamata kuku upesi, akamficha chini ya leso kana kwamba hajawahi kuwepo.

"Lakini afande," alisema, "karatasi tu ndiyo inaleta mambo haya yote?"

"Karatasi tu ndiyo mlango," Jepkemboi alisema. "Kuna watu wanatengeneza hizi karatasi na kuziuza. Kuna wengine wanazunguka nazo, leo Kitale, kesho Bungoma, wanakusanya dawa kali duka hadi duka. Kisha wanawauzia vijana kidonge kimoja kimoja. Tumezika vijana kwa ajili ya hiyo biashara. Ndiyo maana hatuanzi kwa kumpiga mtu makofi. Tunaanza kwa kuuliza: aliyeandika ni nani?"

Alimruhusu Nanyama kuonana na Levi kabla ya maelezo kuandikwa. Levi alikuwa ameegemea ukuta, kwa kuwa benchi lilimuumiza. Alimvuta shemeji yake karibu.

"Nimepata njia," alinong'ona. "Tuseme ni marehemu mwenyewe aliongeza hiyo sifuri. Yeye hawawezi kumfunga! Mimi nitoke, Jumamosi nikae kwa kiti. Nani ataumia?"

Nanyama alimtazama juu hadi chini. Lile koti alilishona yeye mwenyewe kiwiko, mara mbili.

"Walubengo hakuwahi kuongeza hata sukari kwa chai bila kuniuliza," alisema. "Sasa aongeze sifuri? Utasema ukweli, Levi. Usipousema, Jumamosi hiyo kiti cha ndugu yako nitampa shangazi Nabwile."

"Shangazi azungumze na wageni?"

"Na sauti yake yote."

Levi mwenyewe alimwita Jepkemboi. Akaeleza yote: urithi, mfuko, peremende, na Ngari mwenye duka la kuchapisha karatasi karibu na soko la Kitale. Jepkemboi aliandika pole pole, kisha akamsomea maelezo yake kabla ya kumwambia aweke sahihi.

"Hii ya peremende lazima iwe ndani?" Levi aliuliza.

"Umeisema mwenyewe."

Chepkosgei naye alikuwa amefika kuandika maelezo yake. Aliwakuta Levi na Nanyama mlangoni mwa chumba cha ndani, akamuuliza Levi swali moja.

"Ungemeza ngapi?"

"Mbili. Zikikataa, mbili tena."

"Sikiliza. Mwili wa ndugu yako ulizoeshwa ile dawa kidogo kidogo, daktari akiangalia. Wako haujui. Ungemeza mbili, ungeona mgongo bado unauma, ungeongeza mbili. Ungelala. Pumzi ingepungua, ikapungua, halafu ikaacha. Bila kelele yoyote. Watu wangedhani umechoka tu."

Levi alivua koti. Akalikunja, akalishika mikononi kana kwamba ni la mtu mwingine.

"Lorna angezika baba wawili mwaka mmoja," Nanyama alisema.

Hapo akakumbuka kopo.

"Daktari," alisema, "nina vidonge sita nyumbani. Viko kwa kopo la sukari."

"Kopo limeandikwa nini?"

"Sukari."

"Na Lorna akija kukutembelea, nani hupika chai?"

Ni Lorna aliyepika, siku zote.

"Niletee," Chepkosgei alisema kwa upole. "Usivitupe chooni, usivitupe takatakani. Sisi huvipokea, tukavipeleka mahali vinapoharibiwa salama. Mgonjwa akifariki, dawa yake inarudi. Hairithiwi."

"Shangazi hakutuambia," Levi alisema.

"Mwambieni."

*

Jioni ile Levi aliachiliwa kwa dhamana ya polisi. Nanyama aliweka sahihi kwamba atamleta akihitajika.

"Tunalipa wapi?" aliuliza.

"Hakuna kulipa," Jepkemboi alisema. "Dhamana ya polisi ni bure. Na tukimshika mtu, ndani ya saa ishirini na nne lazima tumfikishe kortini au tumwachilie. Atakayewaambia vingine, nipigieni."

"Kwa hivyo kesi imeisha?" Levi aliuliza.

"Haijaisha. Mimi nachunguza tu. Mtaalamu wa maandishi ataangalia hiyo sifuri. Kisha faili linaenda kwa mwendesha mashtaka. Yeye ndiye ataamua kama ushtakiwe, uonywe, au uwe shahidi. Kusema ukweli kumekusaidia, lakini si mimi hakimu."

Alhamisi asubuhi Jepkemboi alikwenda kwa Ngari akiwa na kibali cha korti cha kupekua, pamoja na mkaguzi wa dawa. Walikuta mihuri kumi na mmoja ndani ya debe la unga. Ilikuwa ya hospitali mbili, ya daktari wa mifugo, ya shule ambayo haipo, na mmoja wa kanisa. Ngari alisema ni vitu vya watoto kuchezea. Watoto wake wote wako chuo kikuu.

Siku hiyohiyo Nanyama alimpeleka Levi kliniki. Daktari alimbonyeza mgongo, Levi akaruka.

"Unabeba magunia mangapi?"

"Moja moja," Levi alisema.

Nanyama alikohoa.

"Mbili mbili," Levi alisema.

Daktari alimpa dawa nyepesi ya siku tano, iliyoandikwa kwa jina lake mwenyewe. Alimfundisha mazoezi ya kunyoosha mgongo. Akamwambia asikae kitini zaidi ya dakika kumi. Zikifika, asimame, ajinyooshe, ndipo aketi tena.

*

Jumamosi wageni walifika Naitiri saa nne asubuhi. Aliyewaongoza alikuwa mzee Kipkosgei, mtu wa maneno machache. Levi alikalia kiti cha Walubengo, amevaa koti la kijani. Shangazi Nabwile aliketi nyuma yake.

Wageni walisalimu, wakaomba, wakataja ng'ombe waliokusudia kutoa. Dakika kumi zilikuwa zimetimia. Levi alisimama. Alinyoosha mgongo, akaweka mikono kiunoni, akatazama juu ya vichwa vyao bila kusema neno.

Wageni walitazamana. Mzee Kipkosgei aliinama kwa wenzake, wakanong'onezana.

"Tunaongeza mtamba mmoja," alisema.

Levi aliwashukuru, akaketi. Dakika kumi baadaye akasimama tena.

"Na mbuzi wa shangazi," mzee Kipkosgei alisema haraka. "Tafadhali, baba, keti. Sisi hatukuja kugombana."

Kufikia saa sita mchana mambo yote yalikuwa yamekubaliwa, na yule kuku mwekundu alikuwa mezani. Lorna alicheka jikoni hadi akaegemea ukuta. Nanyama alimsikia. Ilikuwa mara ya kwanza kicheko kusikika katika nyumba ile tangu Februari.

"Nimesimamia mahari ya mabinti kumi na mmoja," shangazi Nabwile alisema. "Sijaona mwanamume mkali namna hii."

"Ni daktari alinishauri, shangazi," Levi alisema. "Na kuna jambo lingine daktari wa kemisti amesema. Ni juu ya mifuko."

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Hakufurahi kukosolewa. Lakini mwezi uliofuata, jirani mmoja alipozikwa, watu walimsikia akitangaza uani kwa sauti ileile: "Mifuko itolewe kwanza! Dawa zote kando, zirudi kwa kemisti! Haya, koti!"

Jumatatu baada ya mazungumzo ya mahari, Nanyama alikuwa amempelekea Chepkosgei kopo. Chepkosgei alivihesabu vidonge mbele yake, sita, akaviandika katika kitabu. Nanyama akaweka sahihi.

"Na kopo?" aliuliza.

"Kopo ni lako, mama."

Mwendesha mashtaka alimpa Levi onyo la maandishi na kumfanya shahidi. Kesi ya Ngari inaendelea Kitale. Levi ni shahidi wa tatu, na anabeba gunia moja moja. Karatasi ya Walubengo iko katika faili la korti, ndani ya bahasha, ikiwa na majina ya wote walioishika.

Kopo liko juu ya kabati, Tuwan. Lina sukari.